UZI: Programu ya kulinganisha nyota ikitumika kumtambua papa potwe – hatua, vipimo na inapokwama

Darubini · #1

Wakuu, salaam. Una nukta kadhaa kwenye picha moja, una nukta nyingine kwenye picha ya pili, unataka kujua kama ni kundi lilelile. Watu wa fizikia ya anga walilitatua swali hili zamani. Watu wa wanyamapori wanalihitaji leo, na wengi wanaanza kuandika msimbo upya bila kujua kwamba upo.

Mwaka 1986 Edward Groth wa Princeton alichapisha katika Astronomical Journal njia ya kulinganisha orodha mbili za nyota hata kama picha zimezungushwa, zimesogezwa au zimekuzwa tofauti. Mwaka 2005 mwanafizikia wa anga Zaven Arzoumanian, mtaalamu wa programu Jason Holmberg na mwanabiolojia wa bahari Brad Norman waliichukua njia hiyo, wakairekebisha kwa ajili ya papa potwe (whale shark), wakachapisha katika Journal of Applied Ecology. Madoa meupe ubavuni mwa papa potwe, nyuma ya matamvua, hudumu miaka mingi bila kubadilika, na kila mnyama ana mpangilio wake. Mfumo wa Wildbook, wa kutambua wanyama kwa picha, ulikua kutoka kwenye kazi hiyo. Kwa sisi wa mwambao jambo hili liko karibu, maana papa potwe wa Kilindoni kule Mafia hutambuliwa kwa picha za madoa hayohayo.

Njia yenyewe inakwenda hivi:

Chukua nukta 15 hadi 30 kutoka kila picha. Tengeneza pembetatu zote zinazowezekana. Nukta 15 zinatoa pembetatu 455, nukta 20 zinatoa 1,140, nukta 30 zinatoa 4,060. Kwa kila pembetatu hesabu namba mbili: R, yaani upande mrefu kugawa kwa upande mfupi, na C, yaani kosaini ya pembe iliyo kati ya pande hizo mbili. Namba hizi hazibadiliki ukiizungusha picha wala ukiikuza. Andika pia kama ukitoka upande mfupi kwenda wa kati hadi mrefu unazunguka kwa mwelekeo wa saa au kinyume chake.

Tupa pembetatu nyembamba sana. Kwa papa, zenye R zaidi ya 8 na zenye C zaidi ya 0.99 zinaondolewa, kwa sababu pembetatu iliyolala hivyo ikikosewa pikseli mbili tu inakuwa pembetatu nyingine kabisa.

Kisha tafuta pembetatu za picha A zinazofanana na za picha B kwa R na C, ndani ya kosa linaloruhusiwa. Kila jozi inayofanana inapiga kura tatu, moja kwa kila jozi ya ncha. Kabla ya kuhesabu kura, angalia uwiano wa mizingo ya pembetatu hizo: jozi za kweli zote zitakuwa na uwiano mmoja (picha moja imekuzwa mara fulani kuliko nyingine), na za bahati zitatawanyika. Tupa zilizotawanyika, hesabu wastani tena, tupa tena, mpaka zisibaki za kutupa. Jozi za nukta zenye kura nyingi ndizo zako. Kura zikiporomoka ghafla kwa nusu au zaidi kutoka jozi moja hadi inayofuata, ishia hapo. Halafu rudia kazi yote kwa nukta zilizobaki peke yake. Jozi za kweli zitabaki na kura nyingi, za bahati zitaanguka.

Kimsingi ni hayo. Yanayosumbua yako kwenye vipimo.

---

Mnazi_Mkavu · #2

Mkuu Darubini, shukrani. Swali: anga ni kama karatasi, papa ni mviringo na anapinda anapoogelea. Ukimpiga picha kwa mshazari, si pembetatu zote zinaharibika?

---

Darubini · #3

Zinaharibika kweli, ndugu, na kiasi chake kinahesabika. Chukua madoa matatu yenye pande 0.3, 0.4 na 0.5 (kipimo ni sehemu ya upana wa picha), upande wa 0.3 ukiwa umelala sambamba na mwili wa papa. R = 0.5 ÷ 0.3 = 1.667.

Papa akigeuka nyuzi 10 kutoka kwenye kamera, vipimo vya urefu wa mwili vinafupika kwa 0.985. Upande wa 0.3 unakuwa 0.295, mrefu unakuwa 0.497, na R inakuwa 1.683. Tofauti ni 0.016.

Akigeuka nyuzi 30, ufupisho ni 0.866. Pande zinakuwa 0.260 na 0.477, R inakuwa 1.836. Tofauti ni 0.169.

Sasa kosa linaloruhusiwa. Groth hakuweka kikomo kimoja cha R kwa pembetatu zote. Aliweka epsiloni, ambayo ni kosa la mahali pa nukta, kisha kikomo cha R kinakokotolewa kwa kila pembetatu kutokana na ukubwa wake: mraba wa kikomo ni 2 × R² × ε² × (1/mrefu² − C/(mrefu × mfupi) + 1/mfupi²). Mnajumlisha miraba ya pembetatu mbili, mnachukua kipeuo cha pili. Kwa pembetatu yetu, ε ikiwa 0.001, kikomo kinatoka kama 0.011. Kwa nyota hiyo inatosha kabisa, lakini kwa papa aliyegeuka nyuzi 10 tu pembetatu inakataliwa, maana 0.016 imezidi. Ukipandisha ε hadi 0.01, kikomo ni kama 0.11: nyuzi 10 zinapita kwa raha. Nyuzi 30 bado zinakataliwa, kwa sababu kikomo kimefika 0.127 na tofauti ni 0.169.

Utasema basi tupandishe hadi 0.03. Hapana. Angalia fomula: upande mfupi uko chini ya mstari wa kugawa. Pembetatu ileile ikiwa ndogo mara tano (pande 0.06, 0.08, 0.10), ε ya 0.01 inaipa kila moja kikomo cha karibu 0.39, yaani R ya 1.4 na R ya 1.9 zinahesabiwa kuwa sawa. Pembetatu ndogo zinaanza kupiga kura ovyo. Dawa ya picha za mshazari ni kunyoosha picha kabla ya kulinganisha, wala si kulegeza epsiloni.

---

FundiPython · #4

Naongezea hapo kwenye kunyoosha, maana wengi wanaruka hatua hii.

Unahitaji alama tatu zilizo kwenye kila papa. Zinazotumika sana: ncha ya juu ya mpasuo wa tano wa matamvua, ncha ya chini ya mpasuo huohuo, na mahali ubavuni panapolingana na ncha ya nyuma ya pezi la kifuani. Chagua mahali pa kudumu pa alama hizo kwenye fremu ya 1000 kwa 1000, tuseme (200, 200), (200, 800) na (800, 700), kisha tumia `AffineTransform` ya scikit-image kupeleka madoa yote kwenye fremu hiyo. Jozi tatu za nukta zinatosha kupata vigezo sita vya badiliko hilo. Ufupisho wa mshazari unarekebishwa hapo, ila mviringo wa mwili haurekebishwi, kwa hiyo madoa ya karibu na mgongo na ya karibu na tumbo bado yatakuwa na kosa. Yapunguzie uzito au yaache.

Alama ya tatu ndiyo dhaifu. Pezi linasogea mbele na nyuma papa anapoogelea, na alama ikisogea, fremu yote inavutika. Kama una picha kadhaa za mnyama mmoja kwa siku moja, chagua ile ambayo pezi limetulia.

Zana za kuanzia, zote zinapatikana kwa pip: `sep` ya kutafuta nukta (ni maktaba iliyotokana na Source Extractor ya Bertin na Arnouts, 1996), `astroalign` ya kulinganisha, `scikit-image`, `numpy`, `scipy`. Astroalign inatumia pembetatu pia, ila haitengenezi zote. Inachukua kila nukta na majirani zake wa karibu, inazitafuta kwa mti wa KD (muundo wa kutafuta majirani haraka), kisha inachuja kwa RANSAC (njia ya kutupa jozi zisizolingana na nyingine). Ni nyepesi kuliko Groth kamili. Mitego yake ni hii, na yote inatokana na kwamba imeandikwa kwa ajili ya nyota:

`PIXEL_TOL` yake, yaani kosa la mahali linaloruhusiwa, ni 2, yaani pikseli mbili. Ukiipa viwianishi ulivyovipunguza viwe kati ya 0 na 1, mbili ni kubwa kuliko picha nzima, kwa hiyo kila papa atafanana na kila papa. Programu haitatoa onyo lolote. Ukiipa viwianishi vya picha ghafi ya upana wa pikseli 4000, mbili ni ndogo mno na hakuna kitakachofanana. Kwa fremu ya 1000, anzia 10.

Inachukua nukta 50 za mwanzo kwenye orodha yako. Kwa hiyo panga orodha wewe mwenyewe kabla ya kuikabidhi.

Inakubali mzunguko wowote. Nyota zinahitaji hivyo. Papa aliyenyooshwa kwa alama tatu hawezi kuwa amezunguka nyuzi 140. Ukipata jibu lenye mzunguko zaidi ya nyuzi 10, au ukuzaji ulio mbali na 1, litupe hata kama idadi ya nukta ni nzuri. Kipimo hiki hakigharimu chochote na kinaondoa majibu mengi ya uongo.

Upande wa `sep`: ukichukua chaneli moja ya picha kwa `img[:,:,1]` utapata lalamiko kwamba safu haijapangwa mfululizo kwenye kumbukumbu. Pitisha kwenye `np.ascontiguousarray(..., dtype=float)`. Tumia chaneli ya kijani, kwa sababu nyekundu inamezwa na maji ndani ya mita chache. Na `Background` ya sep hukadiria mandharinyuma kwa vigae vya pikseli 64. Nyota ni ndogo kuliko kigae, lakini doa la papa kwenye picha ya karibu linaweza kuwa na pikseli 80. Basi sep inalihesabu doa kuwa ni mandharinyuma na kulifuta. Ongeza `bw` na `bh` ziwe angalau mara tano ya doa, au punguza picha kwanza hadi upana wa pikseli 1000 hivi.

---

Kaskazi254 · #5

Asanteni sana. Sisi huku Kenya tunamwita papa shilingi, lakini shida ni ileile. Nina orodha mbili: moja ilitolewa na Source Extractor kutoka faili za FITS (muundo wa picha za wana-anga) ambazo mwenzetu wa fizikia alizitengeneza kutokana na picha, nyingine ilibofywa kwa mkono kwenye JPEG. Ni papa yuleyule, upande uleule wa kushoto, na kura zinatoka sifuri au zinatoka zote za mwelekeo kinyume. Tatizo laweza kuwa wapi?

---

FundiPython · #6

Ndugu Kaskazi, hiyo ni mihimili. Kwenye FITS pikseli ya kwanza huoneshwa kona ya chini kushoto na y inapanda juu. Kwenye JPEG kona ni ya juu kushoto na y inashuka chini. Kulingana na aliyegeuza picha, faili moja inaweza kuwa imepinduliwa, na papa wako wa kushoto amekuwa papa wa kulia kwenye hesabu. Kura zote kuwa za mwelekeo kinyume ndiyo dalili yake kamili.

Rekebisha kwa y mpya = urefu − 1 − y, y ikiwa imehesabiwa kutoka 0. Angalia hapo: Source Extractor inaanza kuhesabu pikseli kutoka 1, numpy na sep zinaanza 0, kwa hiyo x na y za Source Extractor zitoe 1 kwanza. Kosa la pikseli moja halitaua ulinganisho wa papa, ila kwenye picha iliyopunguzwa linaonekana. Pia numpy huandika safu mlalo kwanza halafu safu wima, yaani `[y, x]`, wakati kubofya kwa mkono karibu kila programu hutoa x kwanza. Kubadilisha nafasi ya x na y nako ni kuigeuza picha kama kwenye kioo.

Jaribio la dakika tano: chora nukta juu ya picha yenyewe kwa matplotlib. Kama duara halikai juu ya doa, usiendelee na lolote.

Kitu kingine kuhusu mwelekeo wa pembetatu. Baadhi ya darubini zinatoa picha iliyogeuzwa, ndiyo maana njia ya asili inahesabu pembetatu za mwelekeo sawa na za mwelekeo kinyume, halafu inafuata walio wengi. Kwa papa futa uhuru huo. Upande wa kushoto na wa kulia wa papa haufanani, kwa hiyo jibu la mwelekeo kinyume ni jibu la uongo daima.

---

DadaTakwimu · #7

Nimesoma yote hapo juu na nakubaliana nayo, ila naona jambo zito kuliko yote halijaguswa. Ukihamisha programu kutoka fizikia kuja ikolojia, bei ya kosa inabadilika, na vipimo vilivyowekwa ndani ya programu vimewekwa kwa bei ya zamani.

Kwenye anga, ulinganisho wa uongo unaonekana papo hapo: picha zikiunganishwa nyota zinakuwa mbilimbili. Ulinganisho uliokosekana hauna madhara, unapanga upya unaendelea. Kwa hiyo programu za anga zimewekwa ziwe kali: bora ikatae kuliko ikubali uongo.

Kwenye kuhesabu wanyama, ulinganisho uliokosekana hauonekani na unaharibu jibu. Papa aliyerudi msimu wa pili asipotambuliwa anaandikwa kuwa papa mpya. Tazameni mfano wa namba za kubuni. Msimu wa kwanza umetambua papa 40, wa pili 35, na 20 wameonekana misimu yote miwili. Kwa kanuni ya Chapman, inayokadiria idadi yote kutokana na walioonekana tena:

(40 + 1) × (35 + 1) ÷ (20 + 1) − 1 = 69

Sasa programu imekosa papa wanne kati ya hao 20 kwa sababu picha zao zilikuwa za mshazari. Waliorudi wanakuwa 16:

41 × 36 ÷ 17 − 1 = 86

Idadi imepanda kwa papa 17 ambao hawapo baharini. Na picha haijaonesha kosa lolote, grafu inapendeza, ripoti inasema wanyama wanaongezeka. Kwa mnyama ambaye IUCN imemweka kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka tangu 2016, kosa la kupandisha idadi ndilo baya zaidi.

Ulinganisho wa uongo nao unapotosha, kuelekea chini. Kati ya hao 20 ukiongeza wawili wa uongo unapata 63. Ila wa uongo unaweza kukamatwa kwa macho, kwa sababu programu inakuletea picha mbili uzitazame. Uliokosekana haukuletei kitu cha kutazama.

Kwa hiyo legezeni kizingiti cha kura cha programu (si epsiloni), ilete wagombea kumi wa juu kwa kila picha badala ya mmoja, halafu macho ya watu wawili, kila mmoja peke yake, yaamue.

---

Mnazi_Mkavu · #8

Dada, nimekuelewa. Lakini kizingiti kilegezwe hadi wapi? Kura ngapi?

---

DadaTakwimu · #9

Usichukue namba ya kura kutoka kwa mtu mwingine, mkuu. Kura zinategemea idadi ya madoa: picha yenye madoa 30 ina pembetatu karibu mara tisa ya picha yenye 15, kwa hiyo kura 200 kwenye moja ni nyingi na kwenye nyingine si kitu. Gawanya kura kwa kura za juu kabisa zinazowezekana kwa idadi ya nukta ndogo kati ya picha mbili, ndipo namba zilinganishwe.

Kizingiti kipate kwenye data yako. Tafuta jozi 50 au zaidi za picha ambazo una hakika ni mnyama mmoja kwa sababu nyingine tofauti na madoa: kovu, pezi lililokatika, kifaa cha kufuatilia alichofungwa, au picha za mfululizo wa dakika moja (hizi za mwisho ni rahisi mno, zisizidi robo). Changanya na picha za wanyama wengine wote. Endesha kila picha dhidi ya zote. Andika jibu la kweli limetokea nafasi ya ngapi. Chora grafu: kwenye kumi bora tumepata asilimia ngapi, kwenye ishirini asilimia ngapi. Mahali grafu inapolala ndipo pa kukata.

Tenganisha matokeo kwa pembe ya mshazari: chini ya nyuzi 10, 10 hadi 20, 20 hadi 30. Pembe unaikadiria kutokana na badiliko la alama tatu. Utaona mwenyewe ni picha zipi hazifai kuingia kwenye makadirio ya idadi. Ziache zitumike kwa kazi nyingine kama kuthibitisha uwepo wa mnyama. Na asilimia ya waliokosekana iandikwe kwenye ripoti pamoja na idadi. Bila hiyo msomaji hawezi kujua 86 yako ni 86 au ni 69.

---

Kaskazi254 · #10

Na akili mnemba je? Si ingefundishwa tu ikamaliza kazi?

---

Darubini · #11

Kwa kundi la papa mia mbili tatu, wengi wao wakiwa na picha moja au mbili, hakuna data ya kutosha kufundisha modeli yako mwenyewe kuanzia mwanzo. Unaweza kuchukua iliyofundishwa kwingine na ukapata wagombea wazuri. Lakini Groth inakupa kitu ambacho mkaguzi anakihitaji: inakuambia doa hili limefanana na doa lile, moja moja. Mkaguzi anakubali au anakataa kwa kutazama madoa kumi. Modeli inayotazama picha nzima inaweza kuvutwa na mwanga wa jua unaochezacheza mgongoni, kwa sababu mistari hiyo ya mwanga ni myeupe kama madoa.

Inategemea mnyama pia. Twiga wa Tarangire wametambuliwa kwa Wild-ID, inayotumia SIFT, njia ya kulinganisha kingo na maumbo kwenye picha, iliyotoka kwa watu wa kompyuta. Kwa twiga ni sawa, maana baka lake lina kingo na umbo. Doa la papa potwe ni duara tupu, habari yote iko kwenye mahali lilipo. Kwa hiyo uliza kwanza: habari ya mnyama wangu iko kwenye umbo la alama au kwenye mpangilio wake? Ikiwa ni mpangilio, nenda kwa wana-anga.

---

Kisiwani · #12

Kutoka upande wa data za baharini, naomba niongeze mambo matatu kabla picha hazijafika kwa FundiPython.

Saa. Fomu ya boti inaandikwa saa 4 asubuhi, kamera inasema 10:07, na mtaalamu wa anga ataigeuza kuwa UTC, 07:07. Zote tatu ni sahihi, na zikiingia kwenye safu moja ya jedwali bila maelezo, papa mmoja ataonekana mara tatu kwa siku. Andikeni kichwa cha safu wazi: "saa ya kamera, UTC+3, mfumo wa saa 24". Mwanzoni mwa kila safari piga picha ya skrini ya GPS inayoonesha saa, ili kosa la saa ya kamera lirekebishwe baadaye.

Upande. Pigeni kushoto kwanza, kila mara, kulia kama nafasi ipo. Papa mwenye picha ya kushoto tu na papa mwenye picha ya kulia tu wanaweza kuwa mmoja. Makadirio ya idadi yafanywe kwa upande mmoja tu. Piga ukiwa usawa wa ubavu, mita tatu au zaidi kutoka mwilini na nne kutoka mkiani, bila flashi. Flashi inamsumbua mnyama na inawasha chembe zilizomo kwenye maji, ambazo `sep` itazihesabu kuwa madoa.

Mahali. EXIF, yaani maelezo yanayohifadhiwa ndani ya faili ya picha, ina viwianishi vya GPS. Kabla ya kuweka picha hadharani vifuteni kwa `exiftool -gps:all= *.jpg`. Lakini amri hiyo huacha nakala za awali zenye jina linaloishia na `_original`, na GPS bado imo ndani yake. Watu hupakia folda nzima pamoja na nakala hizo. Hifadhini asili mahali pengine kwanza, kisha tumieni `-overwrite_original` kwenye nakala za kutoa.

---

FundiPython · #13

Naomba tuzungumze leseni, kwa sababu kushirikishana kunakwama hapo kuliko kwenye hesabu.

Astroalign ni MIT: tumia, badilisha, gawa, bakiza tangazo la hakimiliki. Sep iko chini ya LGPL: ukiiita kama maktaba, msimbo wako unabaki na leseni yako, ila ukibadilisha sep yenyewe na kuigawa, mabadiliko hayo lazima yatoke kwa LGPL. Msimbo wa GPL ukiunakili ndani ya wako na kugawa, programu yako yote inafuata GPL. Msimbo usio na faili ya leseni hauna ruhusa yoyote, hata kama umewekwa wazi GitHub. Mwandikie mwenye nao aweke leseni. Mara nyingi ni kusahau tu.

Ukimaliza kurekebisha, rudisha. Kwa kiwango cha chini weka haya kwenye hazina: faili ya LICENSE, faili ya CITATION.cff, orodha ya matoleo kamili ya maktaba (si `numpy` tupu, andika na toleo lake), picha sita za majaribio zenye majibu yanayojulikana, na amri moja inayozipitisha zote na kuonesha kura zinazotarajiwa. Picha hizo sita ndizo zitakazomwokoa mtu wa fani nyingine, maana yeye hawezi kujua kwa kutazama msimbo kama 10 ya `PIXEL_TOL` ni ya fremu ya 1000 au ya picha ghafi. Andika kizio kwenye jina la kigezo chenyewe: `tol_fremu1000`, si `tol`.

Toleo likitulia, lihifadhi Zenodo, hazina ya mtandaoni inayoendeshwa na CERN, upate DOI (kitambulisho cha kudumu) ya toleo hilo. Rekodi moja inabeba hadi GB 50, zinatosha msimbo na picha za majaribio. Kwenye ripoti taja DOI ya toleo ulilotumia, na taja kazi ya 1986 na ya 2005 pia. Wanaoandika programu za utafiti wanahesabiwa kazi zao kwa kutajwa.

---

Kaskazi254 · #14

Nimegeuza y kama ulivyosema, ndugu FundiPython, na kura zimekaa. Swali la mwisho: nimeandika Groth kamili kwa Python tupu, nukta 30 kila picha, picha 300. Linganisho moja linachukua muda mrefu kupita kiasi.

---

FundiPython · #15

Pembetatu 4,060 dhidi ya 4,060 ni milioni 16.5 kwa kila jozi ya picha. Mara 300 ni karibu bilioni tano kwa kila picha mpya. Python tupu haiwezi.

Panga pembetatu za kila picha kwa R mara moja, uzihifadhi kwenye faili ya `.npz` ili usizihesabu tena. Kwa kila pembetatu ya picha mpya, `np.searchsorted` inakupa mwanzo na mwisho wa zile zenye R ndani ya kikomo, na C unaiangalia kwa hizo chache tu. Njia nyingine ni kuweka R na C kwenye `cKDTree` ya scipy, ila mti huo haujui kikomo cha kila pembetatu iliyomo ndani yake. Basi tumia kikomo kikubwa kwanza, kisha chuja kwa fomula aliyoweka Darubini kwenye #3.

Na punguza nukta kabla ya kupunguza muda. Ondoa jozi za madoa yaliyo karibu kuliko 3 × ε: kwa ε ya 0.01 kwenye fremu ya 1000, hiyo ni pikseli 30. Madoa ya karibu hivyo mbofyaji mmoja huyaona mawili, mwingine huona moja, na pembetatu zake ndizo zile ndogo zenye kikomo kikubwa. Ukibaki na 20 una pembetatu 1,140, kazi imepungua karibu mara 13 kwa kila jozi. Usishuke chini ya 12. Hapo pembetatu ni 220 na bahati inaanza kushindana na ukweli.

---

DadaTakwimu · #16

Ukishapunguza nukta, Kaskazi, rudia jaribio la jozi 50 la #9 kabla ya kuendesha picha zote. Kizingiti cha nukta 30 hakifai kwa nukta 20.